Kuhusu Chapati za Kuaga na Kiondo cha Kanyiva

Kwa Bi. Nyamai,
Msimamizi, Makao ya Wazee ya Kivuli,
Kathonzweni.

Bi. Nyamai mheshimiwa,

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, na hata kwa Mungu nililitaja kwa kuzungukazunguka: muhula uliopita niliomba mhudumu mmoja wa Kivuli aache kazi ili nile chapati. Alhamisi hiyo hiyo Musyoka akaacha. Zilikuwa laini. Tangu hapo sina amani, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mjukuu wa Susu Mbatha, nyanya yangu wa chumba cha nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anayeondoka hufanyiwa karamu: chapati, nyama, soda na hotuba. Bwana Mwau alifanya kazi siku tisa ukamwita nguzo ya nyumba. Kanyiva amefanya kazi miaka miwili, naye hupewa chai ya rangi. Mtu mwenye akili timamu atabaki kwa nini?

2. Kila mhudumu mpya hajui kwamba Susu haogi kabla ya kusalimiwa, wala kwamba sikio linalosikia ni la kushoto. Mwaka huu Susu amewasimulia wageni hao harusi yake mara saba. Marehemu babu alikuwa mfupi. Siku hizi, katika masimulizi hayo, anainama mlangoni.

3. Susu humsukia kiondo kila anayeaga, kwa sababu kwake aliyekuogesha haondoki mikono mitupu. Lakini wahudumu wanaondoka haraka kuliko vidole vyake. Sasa huanza kusuka siku mtu anapoajiriwa, na wawili walipokiona kiondo walidhani wamefukuzwa, wakaenda.

4. Kanyiva anahamia Mwingi mwisho wa mwezi. Ni yeye peke yake ambaye Susu bado humwita kwa jina. Sisi wengine wote, hata mimi, ni "wewe".

Kwa hivyo napendekeza karamu ya kuaga ifanywe siku ya kwanza ya kazi, pamoja na machozi na picha. Anayeondoka apewe chai ya rangi. Akisisitiza, barua yake ya kuacha kazi itiwe sahihi na wazee wote thelathini, akiwemo Mzee Muthama, ambaye huamka saa kumi jioni, na Susu, ambaye mikono yake haiachi nyuzi.

Bila kusubiri jibu lako, Jumamosi nilichukua hatua. Kiondo cha Kanyiva kilikuwa kimebakiza mkanda wa ngozi tu, na bila kiondo hawezi kuondoka, atamvunjia Susu heshima. Niliutia mkanda ndani ya soksi nikaenda nao shuleni. Hadi leo Kanyiva yupo.

Wasalimie wapishi, mlinzi, mbuzi wa Kivuli, na Mzee Muthama akiamka.

Ni mimi kwa unyenyekevu,
Mbinya Kisilu, Kidato cha Tatu.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nilimwomba msaidizi wako kazi ya likizo, akanikubalia. Susu aliponiona na aproni aliniuliza jina, akalirudia mara mbili, akaanza kusuka. Nitaacha kazi baada ya wiki tatu, shule zikifunguliwa. Tafadhali mapendekezo yangu yaanze kutumika baada ya hapo. Chapati nne zinanitosha. Mkanda ninao.