Zamu ya Jumapili Kituoni

Jumatatu, 8 Desemba

Siku ya mia na ishirini na tisa angani. Kamanda Tao ametoa ratiba ya simu za video za nyumbani. Mimi Jumatano saa tisa alasiri, tena! Saa hiyo binti yangu Ranran yuko darasani. Wiki sita naongea na mke wangu tu, naye anasema mtoto amenuna. Ana miaka tisa. Kinachomtuliza ni kimoja: niliapa kwamba mwaka mpya wetu, Februari, nitakuwa nyumbani nikikunja naye jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, mezani. Jumapili ni zamu ya Dada Shen, mtafiti wetu wa mimea. Hana mume, hana mtoto, ana paka. Paka kapewa Jumapili! Lazima niipate.

Jumanne, 9 Desemba

Mpango ulikuwa safi. Nifiche kitana cha Dada Shen, ahangaike, nikipate mimi, ashukuru, niombe zamu. Nikakibana nyuma ya mifuko ya tambi. Kikachomoka. Miezi minne niko huku na bado nasahau kwamba kitu kikiachwa kinaelea mpaka kwenye wavu unaovuta hewa. Alikikuta pale kabla ya chai, kina alama za vidole vyenye mchuzi wa pilipili. Mla pilipili humu ni mmoja. Akaniambia, "Kaka Kuang, ukitaka kuchana nywele sema tu." Nina upara. Kamanda alicheka mpaka akajigonga kichwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Bahati imekuja yenyewe. Ardhini wanatafuta mmoja wetu abaki miezi sita zaidi kwa ajili ya utafiti. Nimejitolea wa kwanza, kifua mbele. Hawatanichukua. Mifupa yangu imedhoofika kuliko ya wenzangu, maana kwenye mashine ya kukimbia huwa nafunga mikanda na kusinzia. Watanikataa, sifa zitabaki. Kamanda alilengwa na machozi, akauliza anizawadie nini. Nikasema, kwa unyenyekevu mkubwa, simu ya Jumapili. Dada Shen alikubali kabla sijamaliza. Kisha akanyamaza siku nzima, sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Desemba

Wamenikubali! Daktari wa ardhini anasema mifupa mibovu kama yangu ndiyo hasa wanayotaka kuichunguza. Nimejifungia chooni nusu saa. Dada Shen akaja kugonga. Kumbe yeye alikuwa ameandika barua ya kuomba abaki, akaifuta aliponisikia, akidhani ni ndoto yangu. Ikabidi nimweleze habari za Ranran. "Kaka, hiyo Jumapili ungeniomba tu. Paka mwenyewe haongei." Akasema Kamanda hasaini karatasi ya atakayebaki mpaka kesho saa kumi na mbili jioni. Niende nimwambie nimebadili mawazo, yeye atabaki badala yangu. Ni neno moja tu. Lakini nitamtazamaje usoni mtu aliyetaka kunililia? Ninayo njia bora.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilijitia kuumia goti, wanirudishe kwa sababu ya afya. Tangu asubuhi nachechemea. Kamanda aliniangalia nikipita, akauliza kwa upole nachechemea juu ya nini, maana humu hakuna aliyekanyaga chini tangu Agosti. Akadhani nawachekesha ili wasihuzunike kuniacha. Akanikumbatia. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano akasaini, mimi nikiwa nimemshikia karatasi isielee. Dada Shen alinikodolea macho kutoka mlangoni. Mdomo niliufungua, nikaufunga. Najuta kwa dakika hizo tano kuliko kwa jambo lolote maishani mwangu.

Jumapili, 14 Desemba

Ranran alikuja kwenye simu. Amekata nywele, ana pengo jipya. Akanionyesha kalenda aliyoichora, siku anazifuta moja moja kwa kalamu nyekundu. Akauliza nikirudi nitamletea nini. Nikamwambia wakubwa wameniamuru nibaki, baba hana la kufanya. Kisha akasema mwalimu ametuma habari kwenye kundi la wazazi, na mama amemsomea. "Wameandika ulijitolea. Wa kwanza." Hakulia. Akasema, "Hongera, baba," kwa sauti wanayotumia watoto wanapompa mgeni rasmi maua, akampa mama yake simu, akatoka. Zilibaki dakika kumi na moja. Tuliongea habari za bomba la jikoni linalovuja.

Jumatatu, 15 Desemba

Najuta. Naandika wazi ili nisijidanganye: nimemkosea mtoto, na kosa ni langu peke yangu. Dada Shen ameniletea karatasi. Anasema nimwandikie Ranran ukweli, mistari mitatu tu ya kupigwa picha na kutumwa, kwamba nilitaka kumsikia nikafanya ujinga. Mtoto ataelewa, anasema, watoto wanaelewa ujinga. Nikaanza: "Ranran mwanangu." Nikafikiri. Ukweli utamtia uchungu zaidi. Afadhali barua itoke kwa Kamanda Tao, akiri kwamba mimi nilikataa kabisa na yeye ndiye aliyenilazimisha. Mwandiko wake si mgumu kuuiga. Muhuri wa kituo anauweka kwenye mfuko wa koti, na kesho ni siku yake ya kuoga.