Skwea Ruti za Mwalimu Mwangangi

Jumatatu, 12 Juni 1978
Mwalimu wa hesabu amehamia Machakos. Hedimasta, Bwana Ndululu, akauliza nani atashika aljebra ya Fomu Tatu. Inspekta anakuja Ijumaa, na atakayemfurahisha atapendekezwa kwenda chuo cha ualimu. Hapa Kathonzweni hakuna hata mmoja wetu aliyesomea kazi hii. Mutindi wa Biolojia alikuwa bado anameza chai. Nikamwahi! Nikasema hesabu iko katika damu yangu. Mimi nafundisha Historia. Mtihani wa hesabu nilipata tisa, na hapo moja ndiyo bora. Lakini chuo nitakwenda, Mutindi apende asipende.

Jumanne, 13 Juni
Nilisoma kitabu saa ya chakula, sahani yangu ya muthokoi ikapoa. √(x + 6) = x. Ukiziskwea pande zote mbili, yaani kila upande ukijizidisha wenyewe, ruti inatoweka. Inatoweka kabisa! Mbona sikuambiwa mapema? Inabaki x² = x + 6. Majibu mawili: 3 na −2. Nikafundisha kama mhubiri wa mkutano wa injili. Syokau, msichana wa dawati la mbele, akauliza kama haifai kurudisha majibu kwenye ikwesheni ya kwanza tuone kama yanakubali. Nikamwambia anayepimapima ana mashaka. Akaketi. Lakini aliketi vibaya.

Jumatano, 14 Juni
Balaa. Mutindi alipita dirishani, akaona ubao. Mbele ya walimu wote akaniuliza kama ile hasi mbili nimeipima. Nikamwambia ashughulike na panzi wake. Kisha nikajificha nyuma ya stoo ya mahindi, nikaipima. Hasi mbili na sita ni nne. Ruti ya nne ni mbili. Upande wa pili: hasi mbili. Ati 2 ni sawa na −2! Aiya! Jibu la uongo, na aliyelileta darasani ni mimi. Nikafikiri, jua likinichoma shingo. Ndipo nikaona siri: hasi ndiyo mwongo. Itupwe!

Alhamisi, 15 Juni
Darasa limeiva. Nikiuliza "Hasi?" wanaitikia "Tupa!" Mpaka mbuzi wa jirani walikimbia. Syokau akauliza kama ni kila mara. Nikasema kila mara. Hedimasta alisikia kelele, akasema huo ndio moyo anaoutaka. Nimeshapiga pasi suruali ya kwendea chuo.

Ijumaa, 16 Juni
Inspekta ni mtu mfupi, mpole. Nikaandika swali langu. Hasi ikatupwa kwa sauti moja. Akatabasamu, akaomba chaki. Akaongeza kialama kimoja tu, chembamba kama mguu wa siafu: √(x + 6) = −x. Akanirudishia chaki, tukaskwea. Majibu yaleyale, 3 na −2.

"Hasi?" nikauliza.

"Tupa!" wakanguruma.

"Sasa ipimeni hiyo tatu," akasema Inspekta.

Ruti ya tisa ni tatu. Upande wa pili, hasi tatu. Chaki ikanivunjikia mkononi. Syokau akasimama, akaipima −2, ikakubali pande zote. Inspekta akamuuliza nani alimfundisha kupima.

"Mwalimu Mutindi," akasema, "jana, nyuma ya jikoni."

Halafu akanitazama kwa huruma. Huruma! Mtoto wa Fomu Tatu!

Jumatatu, 19 Juni
Mutindi amependekezwa. Nilimpa mkono. Uso ulikataa kucheka, nikaulazimisha. Wala hakuringa. Alinikalisha akanionyesha: kila jibu lirudishwe kwenye ikwesheni ya kwanza, linalokataa liachwe, liwe hasi au chanya. Haikuchukua hata kikombe cha chai. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nawaza. Kosa si langu, ni la aljebra. Nikamwendea Bwana Ndululu nikamwomba anipe Fizikia. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Nina hakika! Fizikia haina skwea ruti hata moja. Nimehakikisha mwenyewe: nimetazama jalada la kitabu, mbele na nyuma.