Jitu la Getini na Shemeji Asiyehama

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeweka dau la kiume. Shemeji, mdogo wa mke wangu, alikuja kwetu kwa wiki moja. Sasa ni miezi minane! Analala sebuleni, anamaliza sukari, na kutwa yuko kwenye kompyuta yangu, anacheza lile gemu la mapanga na safari. Nimemwambia: nikilipita Jitu la Getini, lile linalolinda geti ndani ya gemu, kabla ya Jumapili jioni, anahama. Nikishindwa, anakaa mpaka achoke mwenyewe. Akacheka mpaka akapaliwa na chai. Cheka tu! Mimi fundi saa, mikono yangu haitetemeki. Nimekufa mara kumi na tisa.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua modi! Ni nyongeza wanazotunga wachezaji wenyewe kubadilisha gemu. Nimechukua inayoitwa Mapigano ya Haki. Haki si ni yangu? Loo! Zamani majambazi wa porini walikuwa na adabu: unamkata mmoja, mwenzake anasubiri zamu. Sasa wanakuja wanne kwa mpigo, wa tano ananizunguka nyuma. Wanakwepa! Nikirudia pigo lile lile, wameshalijua. Jitu sijaliona hata kwa mbali. Huu ni uhuni.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaiona modi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kumbe kafurahi, kanikumbatia! Anasema gemu alishalimaliza mara nne, lilimchosha, hata alikuwa ameanza kufungasha aondoke Jumamosi. Sasa limekuwa jipya kabisa, anaanza upya. Begi kalirudisha chini ya kochi. Mke wangu akaniuliza kama sasa nimeridhika. Mimi nina kosa gani?

Ijumaa, 8 Machi
Modi ya pili: unaweza kuzungumza na maadui. Nimeiweka kwa sababu moja tu, nilitukane lile Jitu. Nimewakimbia majambazi mpaka getini, nikalitukana vizuri, na mama yake nikamtaja. Likanikanyaga. Nikarudi, nikaongeza matusi. Likanikanyaga tena. Halina hata aibu!

Jumapili, 10 Machi
Saa kumi na moja jioni. Nimekufa mara ya sitini na mbili. Mke wangu kaacha kukunja nguo, kaniambia nisogee. Kalisalimia Jitu. Kaliuliza habari za nyumbani. Jitu likasema miguu inaliuma kwa kusimama kutwa. Akasema pole sana. Likafungua geti!

Nikaruka: tumeshinda, ahame! Shemeji akasema dau lilikuwa langu, si la dada yake. Na mke wangu akamuunga mkono! Akaongeza kwamba ningeliacha gemu kama lilivyokuwa, ndugu yake angeshaondoka jana. Usaliti, ndani ya nyumba yangu!

Lakini dawa nimeshaipata. Kuna modi ya tatu: miji mipya kumi na miwili, visa vipya mia mbili. Nimemwekea yote. Kwa wingi ule, Jumatano haifiki atakuwa ameshachoka.