Mtaalamu wa Nyonga za Mbwa

Leo nimeumbuka. Tena mchana kweupe, mbele ya bosi, katikati ya kujisifu.

Miezi mitatu sasa niko kwa majaribio kwenye kliniki ya wanyama, chumba kimoja tu nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Leo bosi wangu, Daktari, alikuwa aamue kama nitathibitishwa kazini. Mtihani wenyewe ni kupima nyonga za mtoto wa mbwa kwa ultrasaundi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya mwili. (Kitu kidogo kwa mtaalamu kama mimi.)

Asubuhi nilianza na paka wa Bi Zuhura, mwenye mimba. Nikabonyeza kitufe, picha ikaganda kwenye skrini, nikamwonyesha vichwa vya watoto. "Mashallah, mwanangu!" Akakaa kwenye benchi kungoja dawa.

Mara akaingia Mzee Mutua na kijibwa dume cha wiki sita. Anataka kije kulinda ghala lake, lakini nyonga zikiwa zimelegea anakirudisha alikokinunua. Bi Zuhura akakusanya buibui lake akasogea hadi mwisho wa benchi, asije akalambwa akaanza kujitwahirisha upya.

Nikakipaka kijibwa jeli. Nikageuza skrini ili wote waone (nani alinituma?).

"Mzee Mutua, tazama mviringo huu. Hiki ndicho kichwa cha mfupa wa paja. Kimekaa barabara kwenye kikombe chake!"

"Mbona picha haitikisiki?" akauliza Daktari.

"Huo ndio uimara wa nyonga, Daktari." (Ewe mdomo wangu!)

Bi Zuhura akanyoosha shingo, buibui bado kalishika.

"Niwie radhi, mwanangu. Hao si wana wa paka wangu?"

Mzee Mutua akainua mguu wa kijibwa, akachungulia kwa makini.

"Daktari, mimi niliuziwa dume."

Bosi akasogea kwenye mashine. Akabonyeza kile kitufe nilichokisahau tangu asubuhi. Nyonga za mbwa zikatokea, nzima kabisa. Kijibwa kimepata kazi. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio.

Jioni nikapita sokoni Marikiti kununua ndizi, angalau nijiliwaze. Muuzaji ambaye sijapata kumwona maishani akaniuliza, "Daktari, yule mbwa dume kazaa wangapi?"

Tafadhali msinitangaze. Bi Zuhura ameshaimaliza kazi hiyo, na yeye hakuhitaji mashine.