Betri Iliyodanganywa na Birika

Alhamisi, 5 Februari
Theluji hadi magotini. Betri yetu ya umeme wa jua, iliyo kibandani juu ya paa, imegoma kuchaji. Najua sababu, nimesomesha fizikia maisha yangu yote. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma hutoa umeme kwenye baridi bila matata. Kuingiza ndiyo shida: ikiwa chini ya sifuri, lithiamu haipenyi ndani, inagandia juu kama ukoko wa chungu, na ukoko huo hautoki tena. Ndiyo maana kuna kihisi joto, kijiwaya chenye kichwa kidogo, kinachozuia chaji.

Keshokutwa binti yetu Rima anaolewa Karakasi, ng'ambo ya bahari. Tutamwona kwa simu, na bila betri hakuna intaneti. Mama Rima ameshapiga pasi gauni.

Jirani Nayef alisema tuishushe betri sebuleni, ipate joto usiku kucha, ndipo tuichaji taratibu. Akajitolea kubeba. Nayef! Mwalimu wa jiografia! Nikamwambia asante, nitajimudu.

Ijumaa, 6 Februari
Wazo! Nimekifunga kihisi ubavuni mwa birika la moto, nikalivika birika kofia yangu ya sufu. Betri ikaamini ni kiangazi! Ikameza umeme wa jua hadi alasiri. Maji yakipoa, napanda na mengine. Nayef aliuliza toka paani kwake kama nawapikia kunguru chai. Mama Rima aliniomba, mume wangu, wiki hii tu usiwe fundi.

Jumamosi, 7 Februari
Betri imevimba ubavu. Ikazima kabla bibi harusi hajatokea. Mama Rima hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alijitanda mtandio wake mweupe, akavuka theluji kwenda kwa Nayef. Alinisihi twende wote. Nikasema natengeneza, nakuja sasa hivi.

Sikwenda. Nilisikia vigelegele.

Jumatatu, 9 Februari
Nayef kaniletea rekodi kwenye simu yake. Rima, mzuri mno, anauliza Baba yuko wapi. Mama yake anamwambia anakuja, mwanangu, yuko njiani. Nimeirudia sehemu hiyo mpaka simu ya watu ikaisha chaji.

Kaniazima pia betri yake ya akiba. Kasema, mzee mwenzangu, nakusihi, ilaze ndani hadi kesho. Rima atapiga kesho jioni, anataka kusikia sauti yangu.

Lakini kwa nini tungoje? Kosa la juzi nimelitafakari sana. Birika lilikuwa dogo.

Mama Rima anauliza sufuria yake kubwa iko wapi.