Mtoro Anaongoza Darasa

Jumatatu, 3 Machi
Chumba cha lugha kimekamilika! Mlango unaofunga, mapazia, projekta, viti visivyoyumba. Mwalimu mkuu alitangaza kikaoni kuwa atakipata mwalimu mmoja tu, wa Kifaransa au wa Kijerumani, yule ambaye darasa lake litamfurahisha Ijumaa.

Kifaransa ni mimi. Huu mwaka wa tatu nafundishia kwenye bwalo la chakula, nikishindana na sufuria. Wanafunzi wangu wanajua kila kitu isipokuwa yale niliyoyasema vyombo vikioshwa.

Kijerumani ni Bibi Chaki. Hana kompyuta, hana haraka, ana chaki. Alisema mbele ya wote kwamba tunaweza kupokezana chumba. Nilitabasamu, nikakataa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Halafu mimi nina mtandao. Umejaa zana za walimu wa lugha, na zote bure!

Jumanne, 4 Machi
Nimejiandikisha kila mahali. Kila tovuti inataka nenosiri lenye herufi kubwa, namba na alama. Mengi nimeshayasahau.

Nimejaribu programu ya matamshi. Unasoma sentensi, inakupa nyota, mwisho tano. Nikasoma jikoni kwa sauti yangu ya darasani. Nyota mbili! Nikarudia polepole. Moja. Mama watoto, ambaye hajasoma Kifaransa hata siku moja, alichukua simu, akaiga nilichosema huku anakoroga mboga. Nyota nne. Akasema basi mimi nibaki na mwiko, yeye aende shule. Programu ni mbovu, nimeifuta. Rahisi ghali.

Jumatano, 5 Machi
Chemshabongo! Swali linatokea ukutani, wanafunzi wanajibu kwa simu, majina ya wanaoongoza yanapanda juu. Mshindi akipatikana, simu yake inapiga makofi yenyewe. Nani alibuni hiki kitu? Nampenda.

Tumejaribu bwaloni. Niliwaacha wajichagulie majina. Ukutani wakaongoza Usingizi, Njaa na Kipara. Mwalimu mkuu ana kipara. Alikuwa anapita. Nimeamuru kila mtu atumie jina analoitwa darasani.

Majibu ndiyo balaa. Aliye bora kati yao alipata manne kati ya kumi. Hapo likanijia wazo. Kuna msichana hajaonekana tangu muhula uanze. Wenzake wanamwita Mtoro. Nitaingia mchezoni kwa jina lake, kwa simu yangu, ndani ya mfuko wa koti. Ng'ombe mmoja mnono anatosha kulipa zizi sifa.

Bibi Chaki akauliza zana hiyo inapatikana wapi, naye ajaribu. Nikamwambia ni ya kulipia, tena kwa dola. Akasema pole kaka, usijiumize. Nilijisikia vibaya mpaka wakati wa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi sebuleni. Kidole gumba mfukoni, macho mbele, uso wa mtu asiye na neno. Mama watoto aliuliza koti la nini na joto lote hili, na ninajikuna nini. Nikasema ni maandalizi ya somo. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Ajabu, sikuwa nimemweleza kitu!

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Tulianza vizuri mno. Chumba kipya, mapazia yamefungwa, mwalimu mkuu kiti cha mbele, Bibi Chaki kando yake. Mtoro akapata la kwanza, la pili, la tatu. Mwalimu mkuu akauliza huyu Mtoro ni nani, ana kipaji. Nikajibu ni mtoto mwenye aibu, tusimwangalie.

Kabla ya swali la mwisho, mlango ukagongwa. Aliingia mama mmoja mshonaji, mita ya kupimia bado iko shingoni, akiomba radhi kwamba binti alikuwa anamuuguza bibi yake, sasa amepona. Nyuma yake msichana, mikono yote miwili imekumbatia mkoba. Darasa zima likapiga kelele: Mtoro!

Mwalimu mkuu akatazama ukuta. Akamtazama msichana. Akarudi ukutani. Swali la mwisho likatokea. Ningeliacha! Lakini kidole kilikuwa kimefanya mazoezi. Kikabonyeza. Jibu sahihi. Mtoro mshindi!

Mfuko wangu ukapiga makofi.

Mtoro akaniamkia kwa adabu, akauliza akae wapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba amepewa Bibi Chaki. Mimi nimepewa Mtoro, nimfundishe yote aliyokosa, kila siku baada ya masomo, kwenye bwalo. Nimestahili.

Lakini mchana Bibi Chaki alinijia mezani. Akasema chumba ni kikubwa: asubuhi yeye, alasiri mimi na Mtoro. Hakutaja makofi wala dola. Machozi yalinilengalenga, kweli kabisa. Nikaapa nimeacha hila. Akaomba nipange ratiba, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa hizo zana.

Nimepata kalenda ya mtandaoni, ya bure! Unaandika jina, chumba ni chako. Alasiri nimeandika jina langu. Kisha nikaona asubuhi ziko tupu, na asubuhi ndipo chumba kina ubaridi mzuri. Nikazijaza zote, muhula mzima. Si kwa jina langu, mimi si mjinga. Nimeandika Mtoro.

Kalenda inasema imewatumia wote taarifa. Sijui hao wote ni akina nani.