Bomba Halipasuki Tena

Wananchi wa Usagara mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu bomba la maji halipasuki tena. Linapata rapcha.

Nayasema haya kwa kifua kipana, mimi Luqmani, afisa habari wa Idara ya Mabomba, maana kwenye semina nilikuwepo na sambusa nilikula. Mkurugenzi wetu, Bwana Haidar, alifafanua kuwa rapcha ni neno la Kiingereza, mzazi wake Kilatini, likalelewa na Wafaransa kabla ya kuvuka maji kwenda Uingereza. Maana yake kuvunjika, kupasuka, hata ndugu kukatana udugu. Neno lililotembea hilo. Kupasuka lenu limezaliwa hapahapa, hata mpakani Horohoro halijagongewa muhuri.

Waraka ukatoka. Nguvu ikitokea ndani ya bomba, ni rapcha. Ikitokea nje, tuseme jembe la jirani, ni frakcha, ukoo mwingine kabisa. Fundi asiguse kitu kabla hakijaainishwa, na mwenye kuainisha ni Mkurugenzi peke yake.

Alhamisi bomba la Bi Thuwaiba likapata. Limepata nini, tulikuwa hatujajua. Kesho yake bintiye Samira anaolewa. Nyumba imejaa wanawake, mchele umechaguliwa, nyama ipo, ndani hamna tone. Maji yote yanajiendea barabarani kama yaliyoalikwa kwingine. Fundi Abass kafika na spana zake, kakalia ndoo, anasubiri uainishaji. Bi Thuwaiba kambembeleza mpaka kachoka. Abass anasema ana watoto, na kazi bado anaitaka.

Alasiri Mkurugenzi akaja, mimi nyuma nimembebea mkoba. Akaamkia shikamoo, akakaribishwa visheti, akavimaliza, ndipo akachuchumaa ukingoni mwa shimo.

Tukasikia trrr.

Suruali, nyuma, kuanzia mkandani kuteremka. Akainuka kinyumenyume mpaka mgongo ukapata ukuta, akaomba kwa sauti ya chini astiriwe na kanga. Uani kanga zilijaa. Hakuna aliyefungua yake.

"Nitakupa, baba," akasema Bi Thuwaiba. "Kwanza tuainishie. Hiyo rapcha au frakcha?"

Mdogo wake, Mwanasiti, akashauri kwamba kwa visheti vile nguvu imetokea ndani. Shoga yake akapinga: alaumiwe mshonaji, naye ni mtu wa nje. Mjadala ulikuwa wa kiwango cha juu. Mimi niliunga mkono pande zote mbili.

"Mama, suruali imepasuka," akasema Mkurugenzi.

"Na bomba?"

Akanitazama. Nikatazama mawingu.

"Nalo limepasuka."

"Abass, umemsikia bosi wako."

Abass alishakuwa shimoni. Kufika magharibi masufuria yamejaa maji, na Mkurugenzi karudi ofisini na kanga ya Mwanasiti kiunoni.

Waraka haujafutwa, msije mkadanganywa. Kwenye kumbukumbu nimeandika kwamba Mkurugenzi aliongoza zoezi akiwa ameegemea ukuta, na kwamba kanga itarejeshwa uainishaji utakapokamilika. Mwanasiti anakuja kuiulizia kila asubuhi, kwa sauti, watu wakiwa wamejaa kwenye dirisha la kulipia bili.